Lenzi ya michezo ya ndani: weka chini hiyo zumu ya f/5.6, shika 85mm f/1.8

Mambo vipi wadau, karibuni tena kwenye chaneli. Leo sipo kwenye ile meza yetu, nipo ndani ya ukumbi wa kikapu, wachezaji wanapasha hapo nyuma yangu mnawaona, na taa ni hizihizi za ukumbi, sijaongeza hata moja, nataka muone hali halisi.

Nimekuja huku kwa sababu ya swali moja linalonifikia kila siku. Mtu anasema nimenunua kamera nzuri, nina zumu ndefu, nikipiga nje picha tamu kabisa, nikiingia ndani kwenye wavu au kikapu picha zote zimevuta (anayekimbia katoka mstari mstari) au zimejaa chenga (vidoti vidoti), je nibadilishe kamera? Jamani hapana. Usiuze bodi yako, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Kinachokusumbua ni lenzi, na dawa yake ninayo mkononi, hii hapa, Sony FE 85mm f/1.8. Ipo sokoni tangu 2017, gramu 371, unaishika mchezo mzima mkono hauchoki. Mambo ya vioo vingapi ndani na kotingi gani siyaongelei, hayo yapo kwenye boksi utasoma mwenyewe. Mimi nataka kitu kimoja tu kwenye hii lenzi, nacho ni hiyo 1.8, yaani apacha, tundu la lenzi linalopitisha mwanga; namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa na mwanga ni mwingi. Tukae hapo.

Ebu tuingie kwenye skrini ya kamera. Hapa nimefunga zumu ya kawaida, ile ambayo mbele imeandikwa f/4-5.6. Shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, nimeiweka 1/1000 ya sekunde na sishuki hapo, kwa sababu mtu anayeruka kudanki ukimpiga 1/250 mkono na mpira vinakuwa mstari tu. 1/500 inaweza kukubali kama unamvizia akiwa juu kabisa kwenye kilele cha mruko, ile nukta anaposimama hewani, lakini mikono bado itavuta. Sasa angalieni namba ya apacha hapo chini, sijagusa kitu kingine, nazungusha zumu tu kwenda mbele... 4... 4.5... 5... 5.6. Mmeona? Lenzi imejifunga yenyewe! Na kule mwisho wa zumu ndo wote mnakopigia michezo, hakuna mtu ananunua zumu ndefu apige upana. ISO, yaani kamera inavyoukuza mwanga mdogo, na ikipanda ndo chenga zinakuja, sasa inasoma 25600. Napiga... haya, nakuza picha. Namba ya jezi inasomeka, sawa, lakini uso angalia, hakuna ngozi hapo, ni chenga tupu, na jezi nyeusi imegeuka zambarau kwenye mikunjo.

Sasa natoa, nafunga 85. Nimesimama palepale, taa zilezile, shata ileile 1/1000, apacha 1.8. ISO? 2500. Rudi uisome tena, elfu mbili na mia tano, kutoka elfu ishirini na tano na ushee! Nakuza. Jasho kwenye paji la uso linaonekana, nyuzi za jezi zinaonekana. Bodi ni ileile wadau, hata memori kadi sijabadilisha.

Hesabu yake ni nyepesi. Kutoka 5.6 kwenda 4 mwanga unaongezeka mara mbili, 4 kwenda 2.8 mara mbili tena, 2.8 kwenda 2 mara mbili tena, hapo ushafika mara nane, na kale kapande ka kutoka 2 hadi 1.8 kanakupeleka karibu na mara kumi. Mara kumi ya mwanga! Hakuna bodi mpya utakayonunua ikakupa mruko wa namna hiyo kwa lenzi ileile ya zamani.

Na kuna hili linaniudhi sana, nalisema wazi. Watu wanauziwa zumu ya f/5.6 kwa maneno kwamba ina stabilaiza, kwa hiyo inafaa mwanga hafifu. Stabilaiza inatuliza mkono wako wewe mpiga picha, haimtulizi mchezaji. Ukipiga jengo usiku itakusaidia sana, lakini huyu kijana anayekimbia hapa nyuma hajui kama lenzi yako ina stabilaiza. Ukiwa 1/1000 mkono wako tayari sio tatizo. Kwa hiyo unalipia kitu ambacho kwenye mchezo wa ndani hakifanyi kazi yoyote ya maana, halafu mwanga ambao ndo shida yako haujaongezeka hata tone. Naomba muuzaji akikwambia hivyo muulize apacha ya mwisho wa zumu ni ngapi, basi.

Sasa 1.8 ina masharti yake. Kwenye fulu fremu, yaani kamera yenye sensa kubwa saizi ya filamu ya 35mm, mchezaji akiwa mita tano kutoka kwako, sehemu inayokuwa shapu ni kama sentimita 37 hivi, mbele na nyuma jumlisha. Yaani uso shapu, mkono ulionyoosha mpira mbele unaweza kulainika. Mimi sijali, napenda jicho liwe kali na mandhari ya nyuma ipotee, ila fokasi lazima iwe ya kufuatilia muda wote, AF-C, na iwe kwenye mtu mmoja, usiiachie kamera ichague kwenye kundi la watu kumi chini ya kikapu. Taa zikiwa nzuri funga kidogo mpaka 2.2, utapumua.

Halafu weka manyo kila kitu, yaani shata, apacha na ISO upange mwenyewe. Mwanga wa ukumbi haubadilikibadiliki, lakini jezi zinabadilika, timu nyeupe ikijaa kwenye fremu kamera inadhani kuna mwanga mwingi inatia giza, nyeusi ikija inafanya kinyume. Ukiweka manyo umeimaliza hiyo kesi.

Na hizi picha tatu za mfululizo, tazama, moja ya njano, moja ina giza, moja safi. Lenzi haina kosa hapo. Taa za kumbi nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wa hertzi 50, au mara 120 kwenye umeme wa hertzi 60, jicho halioni ila shata ya 1/1000 inaona. Bodi nyingi za sasa zina kitu cha kuzuia hilo, kwenye menyu tafuta anti-flika, washa. Na chini ya taa za LED tumia shata ya kawaida ya kufunguka, ile ya kielektroniki kwenye bodi nyingi inakuletea mistari kwenye picha.

Kabla sijasahau, video ijayo ni ya programu za kuondoa chenga, mlioomba kwenye komenti nimewasikia, nitatumia hizihizi faili za leo, zile za 25600 na hizi za 2500, tuone inafika wapi. Gonga kengele isikupite.

Turudi. Urefu wa lenzi, hizo milimita, namba ikikua mchezaji anakuja karibu. Uwanja wa kikapu ni mita 28 kwa 15. Ukikaa nyuma ya mstari wa goli, pembeni ya kikapu, 85 inakupa mchezaji mzima vizuri hapo chini ya kikapu, wakienda nusu ya pili waache waende, watarudi. Wavu ndo kabisa, uwanja mita 18 kwa 9, 85 inatosha sana. Kwenye bodi ya APS-C, yenye sensa ndogo kuliko fulu fremu, inakuwa kama 127, hapo umepata urefu bure. Lakini mpira wa mikono, mita 40 kwa 20, au ukiwa umekalishwa jukwaani, hapana, 85 ni fupi.

Na hapo ndo moyo wangu unahama. Nimesema 85 ndo jibu na bado nasema kwa mtu anayeanza, lakini 135mm f/1.8, ile GM (lenzi za daraja la juu za Sony) ya 2019, gramu 950, duh. Mwanga uleule, urefu unaotosha, na ukiifunga hutaki kuitoa. Ningekuwa nakaa jukwaani kila wiki ningeruka 85 niende huko moja kwa moja, hata kama nitasubiri kujichanga.

Mtasema vipi 70-200 f/2.8? Ni lenzi ya kazi, wanaolipwa kwa picha wanaihitaji kwa sababu hawawezi kusema waache waende. Ile GM ya pili imepungua hadi gramu 1045, nyepesi kweli. Ila bei yake ni zaidi ya mara nne ya hii 85, na palepale hapa ukumbini ISO inapanda hadi 6400. Ukiona hela sio tatizo, basi angalia 50-150mm f/2 iliyotoka 2025, hiyo ni zumu yenye mwanga wa kweli. Na tafadhali usinunue 70-200 halafu ukafunga konveta ya 2x, kile kipande cha kuongeza urefu mara mbili, ndani ya ukumbi, inakula stopu mbili, yaani mwanga unabaki robo.

Wa Nikon mna Z 85mm f/1.8 S, kamata. Wa Canon, ile EF 85mm f/1.8 USM ya tangu 1992 bado inapiga kazi, fokasi ya haraka, iliyotumika inapatikana kwa bei ya huruma, kwenye bodi za RF, zile za Canon zisizo na kioo ndani, unaweka adapta. Wa Fujifilm, XF 90mm f/2, msiangalie kwingine.

Wachezaji wanaanza mechi sasa, nataka nikapate nafasi chini ya kikapu. Niandikieni kwenye komenti unapiga mchezo gani, bodi gani, na huwa unakaa upande gani wa uwanja, maana bila hilo la mwisho siwezi kukushauri urefu wa lenzi. Nitazijibu kwenye laivu.