Kadi ya Treni ya Kununua Tokyo: Uliza Kwanza Reli Ni ya Nani

Mwezi wa Aprili mwaka 2025, asubuhi yangu ya kwanza mjini Tokyo, lango la tiketi la kituo cha Asakusa lilininyima njia. Mkononi nilikuwa na pasi ya JR (kundi la kampuni za reli za Japani) ya siku 7, yaani tiketi ya kupanda treni zake bila kulipa kila safari, niliyoinunua Dar es Salaam kwa yeni 50,000, fedha ambayo wakati ule ilikaribia shilingi laki tisa, na nyuma yangu watu waliokuwa wakiwahi kazini walikwisha kupanga foleni. Mhudumu wa kituo aliipokea pasi kwa mikono miwili, akaisoma, akanirudishia kwa mikono miwili vilevile, kisha akaniwekea kidole kwenye ramani ya ukutani: reli ile si ya JR. Nilikuwa nimepanga chumba katika mtaa ambao treni za JR hazifiki, na kwa wiki nzima nililipa nauli juu ya nauli niliyokwisha kuilipa nyumbani.

Wanaopanga matembezi ya Tokyo huulizana zaidi juu ya bei na idadi ya siku, na mimi sitakawia hapo. Swali linaloamua kama fedha yako imetumika vema ni lile ambalo wauzaji hawaligusi, yaani reli utakayoipanda ni ya nani. Sisi wa Dar es Salaam tungepaswa kulielewa upesi, kwani daladala zimetufundisha tangu utotoni kwamba kila gari lina mwenyewe, na anayeshuka njiani ili adandie gari jingine hulipa upya. Tokyo, pamoja na usafi na utaratibu wake wote, iko hivyo hivyo. JR East, kampuni ya kundi la JR inayohudumia Tokyo, inamiliki reli nyingi za juu ya ardhi, ikiwemo Yamanote, njia ya mzunguko yenye vituo 30. Chini ya ardhi ziko njia 13, lakini 9 ni za Tokyo Metro na 4 ni za Toei, shirika la serikali ya jiji. Juu ya hizo kuna kampuni nyingine kama Keisei, Keikyu, Odakyu, Tobu na Tokyu, kila moja ikiwa na reli zake na malango yake. Ukivuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, kwa kawaida nauli huanza kuhesabiwa upya.

Mipaka hii haionekani mpaka uigonge. Anayetaka kuswali Ijumaa katika msikiti mkubwa wa Tokyo Camii atashukia Yoyogi-Uehara, kituo cha Odakyu na Tokyo Metro, na pasi ya JR haitamfikisha mlangoni. Anayetaka kuliona soko la samaki la Toyosu atapanda treni ya Yurikamome, ambayo haimo katika pasi ya JR wala katika tiketi ya treni za chini ya ardhi. Mnara wa Skytree, wenye urefu wa mita 634, uko jirani na vituo vya Tobu, Toei na Tokyo Metro, lakini JR haina kituo hapo. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha bei, andika kwenye karatasi majina ya mahali unapotaka kwenda, na mbele ya kila jina andika kituo chake na kampuni yenye reli hiyo. Kazi hiyo inachukua jioni moja tu, na mimi sikuifanya.

Kadi ninayoiweka juu ya nyingine zote ni Suica, na sifichi kwamba naipendelea. JR East iliianzisha mwaka 2001, nayo ina picha ya pengwini. Kilichonifanya niipende ni kwamba haijali reli ni ya nani: unaigusisha unapoingia, unaigusisha unapotoka, na nauli inakatwa kwenye salio, iwe umepanda JR, Tokyo Metro, Toei, Odakyu au Yurikamome. Inakubalika pia katika miji mingine mikubwa kama Osaka, Kyoto na Fukuoka, ingawa huwezi kuingilia Tokyo na kutokea Osaka kwa kuigusisha tu, kwani kila eneo linajitegemea. Madukani, kama vile Seven-Eleven, Lawson na FamilyMart, nilinunulia maji na wali wa kufungwa kwa mwani bila kuhesabu sarafu. Amana yake ni yeni 500, na ukiirudisha kwenye ofisi ya JR East unarudishiwa, ila salio likiwemo hukatwa ada ya yeni 220. Kwa hiyo litumie salio lote dukani kabla ya kuirudisha. Mimi sikuirudisha. Isipotumika hudumu miaka 10, na nina nia ya kurudi.

Dosari yake moja nataka niieleze kwa urefu, maana inawahusu zaidi wasafiri wetu. Mashine nyingi vituoni huongeza salio kwa fedha taslimu za yeni pekee, hata kama kadi yako ya benki inakubalika hotelini. Badilisha fedha kwenye uwanja wa ndege, uwe na noti za yeni 1,000, na weka salio la siku mbili au tatu kwa mara moja. Wapo watakaokuambia kwamba siku hizi Suica inawekwa kwenye simu. Ni kweli kwa mwenye iPhone 8 au ya baadaye. Lakini simu za Android zinazouzwa nje ya Japani kwa kawaida hazina kifaa cha FeliCa ambacho malango yale yanakihitaji, na wengi wetu tunatumia Android. Nilimwona mama mmoja akiibandika simu yake kwenye lango mara nne kwa sababu mwanawe alimhakikishia kuwa ingefanya kazi, na ilinisikitisha, kwani kadi ya plastiki ingemmalizia shida ile.

PASMO, iliyoanza mwaka 2007, inafanya kazi ileile katika reli zilezile, na haina ada ya kurudisha. Anayeanzia kwenye kituo cha Tokyo Metro aichukue bila wasiwasi. Welcome Suica, ambayo ni nyekundu yenye maua ya micheri, haina amana, lakini hudumu siku 28 tu na salio linalobaki halirudishwi. Inamfaa mgeni wa mara moja anayejua kuhesabu matumizi yake. Ukisafiri na watoto, kumbuka kwamba wa miaka 6 hadi 11 hulipa nusu nauli, na kadi yao hutolewa dirishani kwa kuonyesha pasipoti, wala si kwenye mashine.

Kuhusu tiketi za bei nafuu sina mengi. Tokyo Subway Ticket ya saa 24 nilipokuwa huko ilikuwa yeni 800 na ya saa 72 yeni 1,500, nayo inafungua njia zote 13 za chini ya ardhi, lakini Yamanote haimo. Tokunai Pass ni ya JR ndani ya mitaa 23 ya jiji kwa siku moja tu. Zote mbili zina mpaka uleule ninaoulalamikia.

Mwisho kabisa ninaiweka pasi ya JR kwa yeyote atakayekaa Tokyo. Hadi Septemba 2023 pasi ya siku 7 iliuzwa yeni 29,650, kisha tarehe 1 Oktoba ikapandishwa hadi 50,000. Tokyo hadi Kyoto kwa treni ya mwendo kasi ya Shinkansen ni kama yeni 14,000, kwa hiyo kwenda na kurudi hakufiki 30,000. Hata Hiroshima, ambayo ni mbali zaidi, kwenda na kurudi hakufikii bei ya pasi. Na ndani ya jiji, siku yenye mizunguko mingi sikuwahi kutumia zaidi ya yeni 1,200 kwa Suica. Treni ya moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege wa Narita hadi Asakusa, ambayo si ya JR, ina nauli isiyofika yeni 1,500.

Wakala wa safari aliyeniuzia aliniambia, “Dada, Japani bila pasi hii hutembei.” Nilipomtajia Suica alijibu kwamba kadi hizo zilisitishwa kwa uhaba wa vifaa vya ndani. Ulikuwa ukweli uliopitwa na wakati: uuzaji wa kadi za kawaida ulisimamishwa Juni 2023, lakini ulirejea tarehe 1 Machi 2025, mwezi mmoja kabla ya safari yangu. Niliporudi kumuuliza kuhusu fedha yangu, alinieleza kwamba hati aliyonipa nilipolipa ikishabadilishwa kuwa pasi kamili hairudishwi, kanuni ambayo ni ya kweli, na ambayo siku ya kulipa hakuitaja. Asakusa nayo aliniandikia yeye mwenyewe kwenye karatasi ya hoteli. Mtu anayechukua kamisheni kwa pasi ya laki tisa ana wajibu wa kutazama kama kuna kituo cha JR karibu na hoteli anayompangia mteja. Ukikaa mbele ya meza ya namna hiyo, mtajie kituo chako na umuulize ni cha kampuni gani. Akisita, usitoe fedha, kwani Suica utaikuta Narita kwenye mashine, hatua chache kabla ya treni.