Kifaa Gani Ununue Kupima Mafuta Yanayoingia Kwenye Injini Baada ya Kufunga Filta ya Hewa ya Koni

Mwaka jana nilifunga filta ya hewa yenye umbo la koni pamoja na bomba lake la alumini kwenye Subaru Forester yangu ya 2004 yenye tabo, kisha nikanunua Kariakoo kifaa kidogo cha buluu cha kuchomeka chini ya usukani, kinachosoma vipimo vya injini na kuvituma kwenye simu, ili nijiridhishe kwamba injini inapata mafuta ya kutosha. Nikiwa nimesimama uani, injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, simu ilionyesha marekebisho ya mafuta ya asilimia 3, na muuzaji akaniambia kwamba gari liko sawa kabisa. Wiki tatu baadaye, nikipanda Kitonga na abiria wanne, injini ilianza kugonga kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Fundi wa Iringa alifunga kwa muda sensa yake ya waidibendi, inayopima uwiano wa hewa na mafuta kwenye moshi, kwenye bomba la ekzosi, tukaenda naye barabarani, akanionyesha sehemu 13.8 za hewa kwa sehemu moja ya mafuta wakati tabo inasukuma, mahali ambapo ilipaswa kusoma karibu na 11.5; yaani mafuta yalikuwa pungufu. Kifaa changu cha buluu hakikuwahi kuniambia jambo hilo hata mara moja.

Kabla ya kuzungumzia vifaa, ni lazima nieleze kinachoharibika. Sensa ya hewa iliyo baada ya eakilina, yaani filta ya hewa, ina waya mdogo wenye moto, ambao hupoozwa na hewa inayopita. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, husoma kiasi cha umeme kinachohitajika kuurudishia joto lake, na kwa hesabu iliyowekwa kiwandani hujua ni hewa kiasi gani imeingia. Hesabu hiyo imejengwa juu ya upana mmoja tu wa bomba. Tuchukue mfano wa bomba la milimita 65 linalobadilishwa kwa la milimita 70. Tofauti hiyo huioni kwa macho, lakini eneo la ndani huongezeka kwa asilimia 16, kasi ya hewa mbele ya ule waya hushuka kwa karibu asilimia 14, na kontroli boksi, ikiamini kwamba hewa imepungua, hupunguza mafuta kwa kiasi hicho hicho.

Ukiendesha taratibu, sensa ya oksijeni hugundua upungufu huo na mafuta huongezwa. Utaona LTFT, yaani marekebisho ya muda mrefu, ikipanda kutoka karibu na sifuri hadi +10 au hata +16. Hadi 5, juu au chini, hakuna tatizo. Ikipita 10 kuna jambo la kutafuta, na kwa magari mengi taa ya injini huwaka na kosa la P0171, la mafuta pungufu, ikikaribia 25 tu. Hatari iko kwingine: ukikanyaga akseleta hadi mwisho, kontroli boksi huacha kufuata sensa ya oksijeni na kutegemea hesabu yake ya hewa, ambayo sasa si sahihi. Pistoni huharibikia hapo, taa ikiwa bado haijawaka.

Kwa sababu hiyo sitajadili ukubwa wa kioo, idadi ya lugha wala orodha ya magari iliyoandikwa kwenye boksi. Kigezo changu ni kimoja, na sijawahi kusikia muuzaji akikitaja: kifaa husoma mara ngapi kwa sekunde? Kukanyaga mafuta kwa gia ya tatu huchukua sekunde tano au sita. Kifaa changu kilibadilisha namba kila baada ya sekunde mbili hivi, kwa hiyo katika mwendo wote huo kilinipa namba mbili au tatu, na moja kati yake ilikuwa ya kabla sijakanyaga. Kuipima injini kwa kifaa cha namna hiyo ni sawa na kutokuipima.

Kasi hiyo haitegemei kifaa peke yake. Magari mengi ya zamani tunayoagiza kutoka Japani huzungumza kupitia waya mmoja uitwao laini ya K, unaopitisha biti 10,400 kwa sekunde, wakati CAN, mfumo wa mawasiliano wa magari mapya, hupitisha biti 500,000. Mengine ya zamani hayajibu kabisa maswali ya kawaida ya OBD2, mfumo wa pamoja wa kusoma vipimo na makosa ya gari, kwa kuwa Marekani ilikuwa imeulazimisha mfumo huo tangu 1996 ilhali gari lenyewe lilitengenezwa kwa soko la Japani.

Kwa gari lenye CAN, chaguo langu la kwanza ni OBDLink MX+, kifaa cha kuchomeka kinachotumia simu, na ninakiri wazi kwamba naipendelea kampuni hii. Hukusanya makumi ya vipimo kwa sekunde, hufanya kazi na Android na iPhone, huhitaji ubonyeze kitufe kabla ya kuiunganisha na simu ili jirani asiingie kwenye gari lako, na hujilaza yenyewe isimalize betri. Ukiiunganisha na programu inayohifadhi vipimo, unarudi nyumbani na jedwali zima la safari, unaliangalia kwa utulivu bila kukodolea simu macho ukiwa barabarani.

Kwa gari la laini ya K, hasa lenye tabo, nafasi ya kwanza naipa AEM X-Series, geji ya waidibendi inayotumia sensa ya Bosch LSU 4.9. Haiulizi kontroli boksi chochote; husoma moshi wenyewe, na tofauti na baadhi ya geji nyingine, haihitaji sensa itolewe na kupimwa kwenye hewa safi mara kwa mara. Gharama yake iliyojificha ni kuchomelea tundu kwenye ekzosi, kabla ya katalisti (kisafisha moshi), sensa ikiinama juu ya usawa angalau digrii 10 ili maji yasituame ndani yake. Hakikisha pia hakuna gasketi inayovuja kabla ya tundu hilo, kwa sababu hewa ya nje ikiingia, geji itaonyesha mafuta pungufu yasiyokuwepo.

Mashine za mkononi za Launch na Autel ni nzuri kwa kusoma makosa, na zinatosha kuangalia LTFT. Vile vifaa vya buluu vinavyodai kuwa na ELM327, chipu ya kusomea magari, aghalabu nakala za bei ya chakula cha mchana, vitumie kufutia taa tu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba upimaji wa kasi ni wa dakika moja, na wauzaji wanaukataa. Fungua kipimo kimoja tu, mzunguko wa injini, kanyaga akseleta na uachie haraka. Mshale wa simu ukichelewa nyuma ya mshale wa dashibodi, rudisha kifaa. Duka la tatu nililoomba hivyo, muuzaji alisema nikishafungua boksi nimenunua, na jibu hilo alimpa fundi niliyeongozana naye, ilhali fedha zilikuwa mkononi mwangu. Duka lililofuata liliniuzia sensa ya LSU 4.9 kwa bei ya mpya. Sensa mpya huja na nyuzi zilizopakwa grisi na ncha inayong'aa. Hiyo ilikuwa na masizi kwenye matundu ya ncha na alama ya spana kwenye shingo. Niliirudisha siku hiyohiyo, na ilinichukua hadi jioni kurejeshewa fedha zangu.