TAHADHARI: "Simu yako haina nguvu", ujanja mpya wa hedifoni feki Mbeya mpaka Iringa

Wadau wa Mbeya, Tunduma, Makambako na Iringa, kuna jamaa anazunguka na hedifoni feki, na safari hii mchezo si ule tuliouzoea wa kuuza na kupotea. Huyu hapotei. Ukimrudia na malalamiko anakupokea vizuri, anakusikiliza mpaka mwisho, kisha anakuuzia kitu cha pili.

Maneno yake ni haya: "Bosi, hedifoni haina shida. Hii ni mashine ya studio, simu yako ndiyo haina nguvu ya kuisukuma. Chukua na amplifaya yake uone." Mtu aliyekwisha toa 85,000 anaongeza 40,000 ya kiboksi cheusi chenye taa ya bluu. Anafika nyumbani, mziki ni uleule, ila sasa unapiga kelele zaidi.

Mimi ni fundi wa redio na simu hapa Mwanjelwa, na vitu hivi vinaishia mezani kwangu. Nimevifungua. Spika za ndani ni zile za bei ya chini kabisa, nyingine ya kushoto haifanani hata na ya kulia, na kwenye vikombe kumegundishwa kipande cha chuma ili ukiishika uone ina uzito. Kile kiboksi kina betri ya simu iliyotumika na bodi ndogo ya kuongeza besi. Betri mojawapo ilikuwa imeanza kuvimba, na mwenyewe alikuwa akilala nayo kitandani.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba anachokisema kina ukweli ndani yake, ndiyo maana hata watu makini wanaingizwa mjini. Zipo kweli hedifoni ambazo simu haizimudu. Tatizo ni kwamba hizo si hizi anazouza yeye.

Iko hivi. Kila hedifoni ya waya ina ukinzani wake, yaani inavyozuia umeme kupita, unaopimwa kwa ohmu, na huwa umeandikwa kwenye boksi. Za kutembea nazo nyingi ni kati ya ohmu 16 na 32. Za studio zinaweza kupanda sana: Sennheiser HD 600 ina ohmu 300, na Beyerdynamic DT 770 Pro inauzwa ya ohmu 32, ya 80 na ya 250, jina moja na sura karibu ileile, kwa hiyo asiyesoma namba anaweza kubeba isiyomfaa hata kwenye duka la kweli. Simu ikitoa volti 1, hedifoni ya ohmu 32 inapata milivati 31 hivi. Ya ohmu 300 inapata milivati 3 na kidogo. Hiyo ni sehemu moja ya kumi, yaani sauti inashuka kwa desibeli 10, na sikio linaisikia kama imepungua nusu.

Na ohmu peke yake haimalizi habari. Kuna kipimo cha pili, wepesi wa hedifoni kugeuza umeme kuwa sauti, nacho kinaandikwa kwa desibeli kwa kila milivati moja. Koss Porta Pro ilitoka mwaka 1984, enzi za kaseti, ina ohmu 60, na inapiga vizuri tu kwenye simu ya kawaida kwa sababu ni nyepesi kuisukuma. Kwa hiyo mtu akikutajia ohmu tu, tena kwa kujigamba kwamba nyingi ndiyo mziki mnene, ujue anasoma maandishi asiyoyaelewa au anaelewa na anakudanganya. Ohmu nyingi si ubora. Ni suala la hedifoni ile imekusudiwa kuchomekwa wapi.

Sasa shika hapa. Hedifoni nzuri ikikutana na simu dhaifu, sauti inakuwa NDOGO. Haiwi chafu. Unapandisha mpaka mwisho na bado unatamani zaidi, lakini kila chombo unakisikia mahali pake. Ukisikia besi inayovimba mpaka inammeza mwimbaji, mikwaruzo, upande mmoja una nguvu kuliko mwingine, hapo usiisingizie simu. Amplifaya inakuza kile kilichopo. Spika mbovu ukiikuza unapata ubovu mkubwa.

Kuna kituko kingine kwenye boksi lake ambacho kingetosha peke yake. Limeandikwa ohmu 300, halafu hedifoni yenyewe ni ya kukunja, waya una kipaza sauti na kitufe cha kupokea simu. Aliyeweka kitufe cha kupokea simu alikusudia simu, basi. Hakuna sababu atengeneze hedifoni ambayo simu haiiwezi.

Kwa wenye mashaka, fundi yeyote wa redio ana tester, kile kipimo cha umeme, na kazi hii haichukui muda. Chomoa hedifoni kwenye simu, weka tester kwenye ohmu, ncha moja iguse kichwa cha pini na nyingine iguse ardhi, yaani shina la mwisho kwa pini ya pete mbili; kwa pini ya simu yenye pete tatu, ardhi kwa simu nyingi za sasa ni sehemu ya tatu kutoka kwenye ncha. Hapo unapima kushoto. Sogeza kwenye sehemu ya pili upime kulia. Hedifoni za kawaida zinatoa namba iliyo karibu na ile ya kwenye boksi, na pande mbili zinakaribiana. Hizi za huyu jamaa zenye 300 kwenye boksi zilinipa thelathini na kitu. Kwa hiyo hata kwa hesabu zake mwenyewe, simu ya mteja ilikuwa na nguvu ya kutosha tangu mwanzo.

Angalieni pia namna anavyowasikilizisha. Hakuruhusu utumie simu yako. Anatoa pleya yake ndogo ya MP3, ikwalaiza, yaani mpangilio wa besi na sauti, imepandishwa besi mpaka mwisho, wimbo anauchagua yeye, na biashara inafanyika pale pale stendi ya Nane Nane, honi na wapiga debe pande zote. Katika kelele ile hata redio mbovu utaiona ina mziki. Dai kutumia simu yako, zima ikwalaiza, sogea kwenye utulivu, na piga kwa sauti ya chini wimbo unaoujua. Mimi napenda kutumia kwaya. Kama sauti ya tatu na ya nne zinakuwa uji mmoja na huwezi kumfuata mwimbaji hata mmoja, rudisha.

Jambo moja msije mkatupa hedifoni nzima kwa kudhani ni feki: pini isipoingia mpaka mwisho, au mpangilio wa pete zake ukiwa tofauti na wa simu yako, mwimbaji anazama na vyombo vinabaki vinasikika kwa mbali. Ukibonyeza kitufe cha kwenye waya na mwimbaji akarudi, tatizo ni pini na tundu havielewani. Hilo ni la adapta tu. Na kwa simu zisizo na tundu la pini, hasa Samsung za daraja la juu, adapta za bei rahisi zisizo na kifaa ndani cha kugeuza data ya simu kuwa sauti hazitoi mlio wowote. Ulizeni kabla ya kununua, si baada.

Za Bluetooth nazo anauza, na hapa uongo wake unakuwa mwepesi kabisa. Kuna dada wa Iringa aliambiwa simu yake haina nguvu ya kusukuma hedifoni ya Bluetooth! Jamani. Hedifoni ya Bluetooth inabeba amplifaya yake na betri yake ndani. Simu inatuma data tu kwa redio. Kinachotakiwa kulingana hapo ni lugha ya kutuma hiyo data: SBC ipo kwa wote, iPhone inatumia na AAC, na LDAC ya Sony ikawa sehemu ya Android yenyewe kuanzia Android 8 mwaka 2017. Mwenye iPhone anayeongezewa bei kwa sababu ya LDAC analipia kitu ambacho simu yake haitakitumia kamwe. Na wenye iPhone mnaonunua AirPods, zile za Apple zisizo na waya, mkononi mwa mtu, kile kipicha kinachotokea kwenye kioo kisiwape imani, feki nyingi zinakitoa pia. Tangu iOS 16 simu yenyewe inaweza kuonya kwamba haikuweza kuthibitisha hizo AirPods. Onyo hilo likitokea, muuzaji atasema ni "apdeti". Mwachie mzigo wake.

(Kwa madereva wa bodaboda walionunua ili wazivae barabarani: hata zingekuwa za kweli, vueni.)

Kwa wa Njombe, Mafinga na Iringa, anatangaza kwenye status ya WhatsApp na kutuma kwa basi baada ya kulipwa. Picha anazoweka ni za hedifoni halisi, kinachofika ni kingine. Risiti hatoi, na jina linalotokea kwenye muamala wa simu si lile analojitambulisha nalo. Hapo kwenye jina ndipo pa kusimama: likitofautiana, usiweke namba ya siri. Asiyekubali ulipe baada ya kufungua mzigo ofisi ya basi, muache.

Aliyekwisha nunua asinunue kile kiboksi. Kama umekwisha kinunua, usikichaji usiku wala usikiache juani kwenye gari. Bidhaa feki zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, kwa hiyo tunza boksi, ujumbe wa malipo na picha za status kabla hazijafutika. Uliyelipa na mzigo haujafika, piga simu kwanza kwa mtandao uliotumia kutuma fedha, leo hii hii kabla hajazitoa, kisha nenda polisi na namba ya muamala. Namba yake ya simu unaweza kuiripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040.

Walio Mwanjelwa wanaotaka kupimiwa, leteni na boksi lake. Kupima kwa tester sitozi.