Meme: Hukaa Kichwani au Katika Vitu?

Mwanabiolojia Richard Dawkins, aliyebuni neno meme mwaka 1976 (yaani wazo, wimbo au desturi inayoenea kwa watu kuigana), alieleza mwaka 1982 kwamba makao yake ni ubongo. Wengine huiona katika vitu na vitendo vyenyewe, yaani wimbo unaoimbwa au picha inayosambazwa. Hoja ya ubongo ndiyo inayonishawishi zaidi, kwa kuwa inaeleza mabadiliko: katika majaribio ya mwanasaikolojia Frederic Bartlett yaliyochapishwa mwaka 1932, Waingereza waliosimulia upya hadithi ya wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini waligeuza mitumbwi kuwa mashua na kuyaacha wasiyoyaelewa, kwani kila kichwa hukijenga upya kile kinachokipokea. Picha ya mtandaoni mara nyingi hunakiliwa ilivyo. Kinachobadilika zaidi ni maneno yanayobandikwa juu yake, nayo (jambo hili husahaulika mno) hutungwa kichwani.