Kontena zinauawa zikiwa kazini, halafu naambiwa mfumo uko sawa

Nilitaka kuwapa hawa jamaa wanaoendesha programu yangu kwenye seva zao nyota nne. Kwenye kuongeza kontena (nakala za programu, kila moja ikijiendesha peke yake) wako vizuri kuliko wengi niliowahi kutumia: watumiaji wakifurika, kontena mpya zinainuka chapchap, na hakuna ombi linalopelekwa kwenye kontena ambayo bado haijajibu kwamba iko tayari. Hilo nawapa. Balaa ni wakati wa kupunguza.

Huduma yangu hutengeneza ripoti ndefu za PDF. Moja inaweza kuchukua dakika nzima, nyingine zaidi. Mwezi uliopita hivi, watu wakiwa kwenye pilikapilika za kufunga hesabu, kontena zilipanda vizuri, wimbi likapita, mfumo ukaona prosesa zimepoa ukaanza kupunguza. Hauangalii nani ana kazi mkononi. Unatuma SIGTERM (ishara ya kuiambia programu ijifunge), unasubiri sekunde 10, unaua. Logi (kumbukumbu za matukio) ya kontena mojawapo iliishia hapa: "inaandika ukurasa wa 41 kati ya 60". Basi. Hakuna kosa lililoandikwa wala onyo, na mteja huko aliko anatazama kiduara kinazunguka tu.

Programu yangu inaisikia SIGTERM. Ikiipata inaacha kupokea kazi mpya, inamalizia iliyo nayo, kama inavyotakiwa. Lakini kazi ya dakika nzima utaimaliza vipi kwa sekunde 10? Kwenye Kubernetes, mfumo maarufu wa kusimamia kontena, muda huo ni sekunde 30 usipogusa kitu, na ukitaka 300 unaandika 300 kwenye terminationGracePeriodSeconds, yameisha. Hata kabla ya kupunguza, kawaida yake ni kuangalia kwanza hali ya dakika 5 zilizopita, ili kontena zisipande na kushuka ovyo. Hapa nimepekua dashibodi nzima, hakuna pa kugusa.

Nikawaandikia msaada kwa wateja, kwa adabu kabisa, na logi nikaambatanisha. Jibu: "Ndugu mteja, mfumo unafanya kazi kama ulivyopangwa. Tunashauri uboreshe programu yako." Tiketi ikafungwa hapo hapo. Nikaifungua tena nikauliza swali moja tu: huo muda nauongeza vipi? Ikafungwa bila hata neno moja. Hapo ndipo nilipochemka. Kukosa kitu si dhambi, mngesema tu hakipo nikajua la kufanya. Kumfungia mtu mlango usoni wakati wateja wake wanalia ni dharau.

Najua wapo watakaosema kazi ndefu ziwekwe kwenye foleni. Ni kweli, na nimeshaanza. Ila kontena ikiuawa, kazi inarudi kwenye foleni na kuanza upya, na ule muda uliopotea nimeshatozwa. Ndiyo maana sasa nahifadhi kila ukurasa peke yake, ili kontena nyingine iendelee pale ilipokatikia. Kazi yote hiyo kwa sababu ya namba moja wasiyotaka niibadilishe!

Kama maombi yako ni mafupi, ya sekunde moja mbili, chukua tu, utafurahi. Nyota tatu basi.

Hapana, naghairi. Nimeisoma tena ile tiketi. Nyota moja, mpaka mtu ajibu lile swali. Kwa sasa idadi ya chini ya kontena nimeiweka sawa na ya juu ili mfumo usiwe na cha kupunguza, zinakesha bila kazi na bili inapanda.