Muvi ya kutisha naipima mara ya pili

Niseme mapema, humu ndani ntawakatia watu utamu kwa baadhi ya muvi. Kama hujaangalia Hereditary, Get Out au The Thing, kaangalie kwanza ndo uendelee, maana ninachotaka kusema siwezi kukisema bila kugusa mambo yenyewe.

Naangalia muvi za kutisha karibu kila wiki, za zamani na mpya, na miaka kadhaa sasa nina kipimo kimoja tu, mara ya pili. Mara ya kwanza chochote kinaweza kukustua, hata mlango ukibamizwa na upepo moyo unaruka, hiyo haihitaji ufundi. Ila ukishajua nani anakufa, nani muuaji na kitu kinatokea wapi, je bado unavuta shuka? Nyingi zinafeli hapo. Zile ambazo hazifeli ndo ntazitaja hapa, na mbili tatu zilizoniangusha.

Hereditary ya Ari Aster, ya 2018, ndo iliyonifundisha hili. Mara ya kwanza niliangalia na kaka yangu tukiwa tunapiga stori, ikafika ile sehemu karibu na mwisho Peter, kijana wa ile familia, anaamka usiku, chumba giza, anakaa kitandani, kimya. Macho yangu yote yalikuwa kwa Peter, nikaona tu kama ukimya umezidi kuwa mrefu, basi. Mara ya pili nipo peke yangu, hedfoni masikioni, taa zimezimwa, ikafika pale pale na safari hii macho yakapanda yenyewe juu kwenye kona ya dari. Mama yake yupo pale. Amejibana ukutani kama buibui, ametulia, na hamna muziki wa kukuambia tazama, kamera haimfuati, yupo tu gizani na alikuwepo muda wote hata ile siku ya kwanza. Nilisimamisha muvi nikaenda kuwasha taa ya korido. Kujua kwamba nilishakaa naye chumba kimoja, nikawa nacheka na kaka, na sikumwona, hilo lilinikaa siku kadhaa.

Na ukirudia unaanza kuona mengine, mfano ile nguzo ya umeme barabarani itakayokuja kumuua mdogo wake Peter, wanapokwenda kwenye pati kamera inaipitia na ina alama imechorwa, ileile ya kwenye mkufu wa bibi aliyefariki. Ukiijua ile nguzo safari nzima ya kwenda pati inakuwa ngumu kuangalia, unataka uwaambie geuzeni gari. Toni Collette kwenye ile sehemu ya mezani anavyomfokea mwanae, halafu hata kuteuliwa Oscar hakuteuliwa, mpaka leo inaniuma.

Sasa tuje kwa wazee. The Exorcist ya 1973 kila mtu anakumbuka kichwa kuzunguka na matapishi ya kijani, na kweli mara ya kwanza ndo vinavyokupiga. Mi mara ya pili kilichonimaliza ni hospitali. Mtoto amelazwa, wanamchoma sindano shingoni kwa ajili ya kipimo cha mishipa ya kichwani, damu inaruka, mashine zinagonga gonga kama nyundo, na mama yake yuko pembeni hana la kufanya. Hapo hakuna shetani hata mmoja, kuna madaktari wenye nia njema ambao hawajui, wanapima hiki, wanapima kile, majibu yanarudi safi, na mtoto anazidi kuharibika. Mtu yeyote aliyewahi kuuguza mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujulikani ataielewa ile nusu saa kuliko kichwa kuzunguka. William Friedkin aliishuti kama habari ya kweli, na kile chumba cha mtoto walikipoza na mashine za baridi ili mvuke wa pumzi uonekane, kwa hiyo unavyoona wale mapadri wanatetemeka, ujue wanatetemeka kweli. Halafu kuna ule uso mweupe unaopita kufumba na kufumbua kwenye ndoto ya Padri Karras, ukipepesa umeukosa, na kuukosa ni afadhali.

Halloween ya John Carpenter, 1978, ilitengenezwa kwa hela ndogo sana, mask ya muuaji yenyewe ilikuwa ya sura ya Captain Kirk wa Star Trek wakaipaka rangi nyeupe na kupanua matundu ya macho, na muziki Carpenter kautunga mwenyewe. Kuna sehemu Laurie, msichana anayewindwa, ameegemea pembeni ya mlango analia, nyuma yake mlango mwingine uko wazi na ndani giza tupu, halafu pole pole mno ule uso mweupe unaanza kutokea kwenye giza kama mtu anayepanda kutoka majini. Walichofanya ni kuongeza taa kidogo kidogo, basi. Nimeiona labda mara kumi na bado naanza kukodolea lile giza kabla uso haujatokea, na hapo ndo naonaga umaskini wa muvi nyingi za siku hizi, wana kompyuta na mabilioni lakini hawana subira ya kuongeza taa kidogo kidogo.

Psycho ya 1960 wote wanaongelea mauaji ya bafuni, ambayo Hitchcock alitumia siku 7 kushuti na damu ilikuwa sosi ya chokoleti kwa kuwa rangi nyeusi na nyeupe haitofautishi. Sawa. Ila ukirudia kaa na ile sehemu ya kabla, Norman, mwenye moteli, anamkaribisha yule dada atakayeuawa sebuleni kwake kwenye ndege waliokaushwa, anaongea kuhusu mama yake. Ukijua unachojua, kila neno lake lina uzito mwingine, na unamuonea huruma na kumuogopa kwa wakati mmoja. Anthony Perkins pale sijaona aliyemfikia.

The Shining nayo watu wanaiabudu, mi naipenda nusu. Jack, baba wa familia, anaonekana kichaa tangu dakika ya kwanza kwa hiyo hakuna anguko la kulia nalo. Lakini yule mtoto na kibaiskeli chake kwenye korido za hoteli! Magurudumu yanapita kwenye mbao, yananguruma, yanaingia kwenye zulia, kimya, mbao tena, yananguruma, zulia, kimya, na kamera iko chini nyuma yake haiachii. Sikiliza kwa hedfoni. Kila akikata kona tumbo linajikunja.

Night of the Living Dead ya 1968 ntaipitia haraka, kwanza kwa sababu huna kisingizio cha kutoiangalia, haki miliki yake ilipotea tangu mwanzo, walibadili jina la muvi wakasahau kuweka lile tangazo la haki miliki, kwa hiyo mtu yeyote anaangalia bure kihalali. Pili, steringi ni Duane Jones, mtu mweusi, mwaka ule, ndiye mwenye akili kuliko wote ndani ya ile nyumba, na ule mwisho wake ukiujua kabla, muvi nzima inabadilika rangi. Sisemi zaidi.

Hapo naruka moja kwa moja mpaka Get Out ya Jordan Peele, 2017, maana ni mtoto wa ile ya 1968, na Peele alichukua Oscar ya script kwa haki kabisa. Hii ndo bingwa wa mara ya pili. Kumbuka polisi wa barabarani anavyoomba kitambulisho cha Chris, kijana mweusi, wakati hata hakuwa akiendesha, na demu wake Rose anamkatalia polisi kwa ukali. Mara ya kwanza nilimpenda Rose, nikasema huyu ndo mwanamke. Mara ya pili nikaelewa kwamba hakutaka kubaki na ushahidi wowote kwamba Chris alipita pale, maana familia yake inanasa watu weusi na kupandikiza akili za wengine kwenye miili yao. Maneno ni yaleyale, uso uleule, na mgongo wote ukanisisimka. Na yule dada wa kazi Georgina anayetabasamu huku machozi yanamtoka, mara ya pili unajua nani analia na nani anatabasamu.

Kuna swali watu huuliza kila muvi ya nyumba yenye mashetani, kwa nini wasihame tu? Muvi nyingi zinajibu kizembe, hela imeisha, theluji imefunga njia. Jibu bora nimelikuta kwenye His House ya Remi Weekes, 2020. Bol na Rial ni mke na mume waliokimbia vita Sudan Kusini, wamefika Uingereza, wamepewa nyumba na masharti, hawaruhusiwi kufanya kazi, hawaruhusiwi kuhamia kwingine, wakivunja wanarudishwa. Sasa ukutani kuna kitu. Utaenda kumwambia nani? Ukilalamika kuhusu nyumba unaonekana huna shukrani, ukisema kuna uchawi unaonekana mwendawazimu. Bol anachana karatasi za ukutani usiku na asubuhi inabidi avae shati safi atabasamu mbele ya maofisa. Mi hii muvi iliniumiza kabla ya kunitisha, na niliporudia, nikiwa najua walichokibeba kutoka baharini, nilishindwa kumwangalia Bol usoni. Sope Dirisu na Wunmi Mosaku wamecheza kwa moyo wote. Kama utaangalia moja tu kati ya zote nilizotaja, angalia hii.

Huyo Wunmi Mosaku utamkuta tena kwenye Sinners ya Ryan Coogler, 2025, Mississippi ya 1932, Michael B. Jordan anacheza mapacha wawili. Wapo wanaosema sio ya kutisha, mi nabisha. Wanyonya damu wako nje na hawawezi kuingia mpaka wakaribishwe, wanaongea kwa upole, wanaimba vizuri, wanakuomba tu useme karibu. Jamani, adui anayeomba ruhusa kwa heshima anatisha kuliko anayevunja mlango. Malalamiko yangu ni kwamba mapigano yenyewe mwishoni yanakimbizwa, nilitaka wakae zaidi kwenye ule usiku wa kutoaminiana, pale kila mtu analazimishwa kutafuna kitunguu saumu mbele ya wenzake.

Weapons ya Zach Cregger, 2025 pia, inaanza na watoto 17 wa darasa moja wanatoka majumbani mwao saa 8 na dakika 17 usiku, wanakimbia gizani mikono wameitandaza kama mbawa. Ile picha tu inatosha. Mara ya kwanza unakimbizana na fumbo, mara ya pili fumbo halipo na anabaki Alex, mtoto pekee ambaye hakupotea, unaangalia anavyobeba siri ya watu wazima peke yake kila siku shuleni na nyumbani. Nililia, sioni aibu.

Longlegs ya 2024 iliniangusha, na inaniuma kusema kwa sababu Osgood Perkins ni mtoto wa yule yule Anthony Perkins wa Psycho na anajua kupanga picha, saa ya kwanza kila fremu ina nafasi tupu nyuma ya mtu mpaka unachoka kuikagua. Halafu inakuja sehemu ya maelezo, hadithi yote inasimuliwa kama mtu anakusomea ripoti, na hofu yangu ikaondoka haijarudi. Nilijaribu mara ya pili, nikaishia katikati. Smile ya 2022 vilevile, mashtuo yake ni makali kweli mara ya kwanza, mara ya pili nilikuwa nahesabu tu, sasa hivi, moja, mbili, tatu, paa.

The Conjuring ya James Wan, 2013, ina mashtuo pia ila ina sehemu moja ya dhahabu, binti ananyoosha kidole nyuma ya mlango anasema kuna mtu amesimama pale, dada yake anakwenda mpaka pale, na sisi tunaona giza tu. Hatuonyeshwi kamwe. Wangeonyesha ingekufa.

Jambo moja la kiufundi, tafadhali. Nosferatu mpya ya Robert Eggers niliiangalia mara ya kwanza kwenye huduma moja ya mtandaoni kwa intaneti ya kusuasua, na giza lote likawa viboksi vya kijivu vinavyocheza cheza, nikasema muvi mbaya. Baadae nikapata kopi safi, nikazima taa, nikaona vivuli vilivyo, na ikawa muvi nyingine kabisa. Muvi ya kutisha inaishi kwenye weusi. Ukiona weusi umekuwa kijivu, acha, subiri siku intaneti ikikaa vizuri. Na kwenye TV zima ile kitu ya kulainisha mwendo, inafanya kila kitu kionekane kama tamthilia ya mchana.

Namalizia na The Thing ya Carpenter, 1982, ya dude linaloweza kujigeuza nakala ya mtu au mnyama yeyote, ambayo ilipotoka wakosoaji waliisaga na watu hawakwenda, ilitoka wiki mbili tu baada ya E.T., ile ya kiumbe mpole kutoka anga za juu, na nadhani dunia ilitaka mgeni mpole. Rob Bottin aliyetengeneza yale madude kwa mikono alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na mpaka leo hakuna kompyuta iliyoleta kitu kinachochukiza vile. Kipimo cha damu, waya wa moto, wanaume wamefungwa kwenye kochi wanatazamana, hiyo haijawahi kuchuja kwangu.

Wiki iliyopita nimemwekea mdogo wangu, hajawahi kuiona. Muvi inaanza theluji tupu, mbwa anakimbia, helikopta ya Wanorwe inamfuata na jamaa anampiga risasi, anamkosa, anampiga, anamkosa. Mbwa anawafikia Wamarekani, anamrukia mmoja anamlamba. Yule Mnorwe anashuka anapiga kelele kwa lugha yake, na kumbe anawaambia wazi kabisa kwamba yule sio mbwa, hakuna anayemuelewa, wanampiga risasi yeye. Mdogo wangu akashusha pumzi, akasema afadhali, maskini mbwa wa watu. Mi nikavuta blanketi, nikanyamaza.