Harusi au studio: ipi iibebe biashara ya picha?

Harusi moja Dar es Salaam yaweza kulipa kodi ya fremu ya studio miezi kadhaa. Tatizo, pesa hupitia kwenye kamati, na kamati ikishavunjwa unabaki kuzungushwa na bwana harusi asiye na kitu. Dai malipo ya awali kabla ya sendofu, na salio kabla ya kukabidhi albamu. Kamera iwe na nafasi ya kadi mbili za kumbukumbu, kila picha iingie zote mbili. Kadi ikifa nawe huna nakala, huwezi kuwaambia wavishane pete tena. Kwaresima na Ramadhani kazi hukauka.

Studio huingiza kidogo kidogo: pasipoti, mahafali, mtoto aliyetimiza arobaini. Mteja akifumba macho, unarudia.

Anayeanza ningemshauri studio, na Jumamosi aende harusini kama msaidizi wa mwingine.